Kijitabu Chenye Kona Iliyokunjika

Bosi alipochana karatasi ya zawadi, Lorelle aliiona kona iliyokunjika, akajua amefunga kimakosa kijitabu chake mwenyewe cha michoro. Kile kipya, alichomnunulia bosi pamoja na kikopo cha rangi, kilikuwa bado mkobani.

Kila Desemba ofisini kwao, kabla ya chakula cha kufunga mwaka, majina huchotwa kofiani, kila mtu humpa zawadi aliyemchota, na mtoa zawadi hajitaji.

Bosi alifunua, akaacha kutafuna. Ukurasani chura mnene alikuwa amesinzia mezani, tai shingoni.

"Chura huyu kavaa tai yangu," alisema taratibu.

Mtu akacheka, akajizuia. Macho yote yakamgeukia mzee wa stoo, mtani wao.

"Msinitazame mimi. Mimi hata yai siwezi kulichora likaeleweka."

"Mwaka jana najua ni wewe uliyeniletea mdoli wa mezani anayekoroma," bosi akasema. "Na mkataba wako ninao mimi, mzee, haujasainiwa."

Mzee alijaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia.

Lorelle alitazama vidole vyake. Rangi ya samawati ilikuwa imeganda chini ya kucha. Mkataba wake nao ulikuwa haujasainiwa.

Akaweka sahani chini.

"Bosi," alisema, "fungua ukurasa wa mwisho. Mwenye kitabu ni mimi, nimejichora pale."