Difu Isiyogusa Mto

"Chagua, shemeji Kwandu. Hii ya kushoto ilishaingia maji. Hii nyingine haijawahi kugusa mto."

Difu mbili za mbele zilikuwa chini, juu ya gunia la pamba, katika gereji ya huyu rafiki wa marehemu mume wangu pale Bariadi. Zote zina loki, ile inayoyalazimisha magurudumu yazunguke pamoja gari likinasa. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, anayewahi kijijini Lingeka ndiye anayepakia pamba, na mimi mjane sina wa kunisukumia gari kwenye tope la mbuga.

Nikachuchumaa. Nikaifuta grisi kwenye ekseli ya ile nzuri.

Kidole gumba kikagusa ngozi. Kilikuwa kipande cha ngozi ya mbuzi wa mizimu, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na ushanga wa bluu wa marehemu mama uliomeguka upande mmoja. Nilikifunga kwa mkono wangu kwenye ekseli ya mbele, chini ya pikapu ya mume wangu, ili kila safari arudi salama.

Masika iliyopita shemeji huyu huyu, mwenzake wa biashara, alikuja kwangu nguo zikichuruzika. Alilia kwamba Mto Simiyu umebeba gari zima na mume wangu ndani.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Mwanza. Gari la misheni."

"Nachukua hii."

"Dereva unaye?"

"Sina."

"Basi nitakupeleka Lingeka mwenyewe. Njia ya mtoni naijua."

Akainama kuinyanyua, kisha akasita. Kidole changu kilikuwa bado kimefunika ushanga.

"Toa mkono, shemeji," akasema.