Ganda Limekwama

Ganda la risasi lilikwama tena, likasimama wima juu ya bastola. Nyamizi akashusha mkono. Leo ndiyo leo: mlinzi anayeshindwa mtihani wa shabaha anavua sare, anarudi kwao.

"Bastola mbovu hii, afande," akasema, huku akimwomba Mungu iwe mbovu kweli.

Afande Matiko, fundi wa silaha, akaifungua. Akasugua kijino kinachovuta maganda, akabadilisha springi, akabadilisha hadi magazini ya risasi. "Bastola mpya, bado inanukia grisi," akanung'unika. "Haya, jaribu."

Nyamizi akafyatua. Ganda likakwama palepale.

Matiko akaichukua, akapiga mfululizo. Maganda yakaruka kama bisi kwenye sufuria isiyofunikwa, halikubaki hata moja.

Akamgeukia taratibu. "Dada, hii inataka mkono mgumu. Ukilegea wewe, nayo inashindwa kutema."

Nyamizi akauficha mkono nyuma. Ndani ya shati la mikono mirefu, kifundo cha mkono wake wa kulia, kilichoteguka alipoteleza bafuni, kilikuwa kimevimba kama andazi.

"Hebu lete huo mkono niuone."

Nyamizi akampa wa kushoto.