Mpishi Mropokaji

"Peleka mbele! Peleka mbele huyo!"

Banda zima la video lilipiga kelele. Kwenye televisheni, stelingi, shujaa wa filamu, alikuwa amewekewa upanga shingoni, na mpishi wake mnene ametokea na sufuria kichwani, anaropoka. Ndivyo alivyokuwa mpishi huyo. Watu wakifa, yeye anauliza kama maharage yameiva.

Halfani, mwenye banda, alichukua rimoti.

"Baba Farida, tafadhali," alisema Gaudensia kutoka benchi la mbele, mtoto wake Eva mapajani. "Mwache amalize."

Watu walicheka.

"Mama Eva amependa kitambi!" mmoja alipayuka huko nyuma.

"Si aolewe naye! Hata kupika hatapika tena!"

Gaudensia hakugeuka. Alifumba macho, kama alivyofanya kila mara mpishi alipoanza kusema, na hakuyafumbua mpaka mpishi aliponyamaza.

Filamu ilipokwisha na watu kutoka, Halfani alimwita kando.

"Mama Eva, mimi nakuheshimu. Lakini hii ni wiki ya sita unaniomba filamu hiyohiyo. Watu wanahamia banda la kule stendi kwa sababu ya huyu mpishi. Kuanzia Jumapili siiweki tena."

"Basi uniwekee mimi na mtoto tu. Asubuhi, kabla watu hawajaja. Mpishi peke yake, wengine uwaruke."

"Kwani huyo mpishi ana nini?"

Gaudensia aliangalia chini. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Ni Renatus. Baba yake Eva."

Halfani alihamia Katesh mwaka jana tu kutoka Dongobesh, hakumjua Renatus. Lakini kazi ya kutafsiri filamu aliijua. Mtu mmoja anakaa chumbani na maiki, Mchina anafungua mdomo, yeye anamsemea Kiswahili. Anamsemea stelingi, anamsemea adui, anawasemea wanawake na watoto.

"Alikuwa anakwenda Arusha kila mwezi kufanya hiyo kazi," Gaudensia alisema. "Hapa hakumwambia mtu, aliogopa kuchekwa. Sauti ya stelingi anaitengeneza. Ya adui pia. Lakini mpishi anaongea sauti yake mwenyewe, ile ya nyumbani. Na maneno si ya Mchina, ni ya kwake. Ile habari ya ng'ombe aliyekula shuka, ni ng'ombe wetu, pale Jorodom. Yule mkwe aliyelala kwenye harusi, ni baba yangu mzazi. Aliniambia, kwa mpishi siwezi kudanganya, nasema tu yaliyonipata."

"Na sasa yuko wapi?"

"Tope la mlima Hanang lilimchukua. Ile Desemba."

Halfani aliweka rimoti chini.

"Nilishtuka alfajiri na kelele za mlima. Nikapapasa kitandani, hayupo. Majirani ndio waliotutoa, mimi na huyu, alikuwa wa miezi mitatu. Renatus alikuwa ametoka kuzuia maji mlangoni. Hakuna aliyemwona, lakini najua. Tulimtafuta siku kumi na moja. Padri akasoma misa, tukasimamisha msalaba bila mwili." Alimfuta mtoto pua kwa pembe ya khanga. "Picha zote zilikwenda. Eva hana cha baba yake ila hiyo sauti. Kila siku namwambia, baba yako alikufa akituzuilia maji."

Halfani aliokota rimoti. Alisema tu, "Pole, mama. Njoo Jumapili."

Wiki ile alipiga simu kwenye duka la Arusha lililomuuzia filamu. Aliisogeza simu karibu na spika, mpishi akaropoka kidogo.

"Huyo msumbufu?" muuzaji alicheka. "Wateja wote wanamlalamikia. Ninayo nyingine yake. Naituma na basi la kesho."

Jumapili baada ya kanisa Gaudensia alikuja amevaa gauni lake la misa. Halfani alimkalisha benchi la mbele, katikati.

"Shikamoo, Baba Farida."

"Marahaba. Leo nina zawadi yako. Kuna filamu nyingine ya mzee." Kisha aligeukia watu, banda limejaa mpaka mlangoni. "Sikilizeni! Leo atakayezomea, nje!"

Safari hii hakuwa mpishi. Alikuwa mchunga punda, mwembamba, kofia imemfunika macho. Lakini alipofungua mdomo tu, Eva alipiga makofi.

"Baba!"

Gaudensia alifumba macho. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Ilikuwa sauti ileile ya nyumbani, ikilalamika juu ya viatu, juu ya mbu, juu ya punda mvivu. Nyuma watu waliguna, lakini hakuna aliyezomea. Gaudensia alikuwa anatabasamu. Kwa muda mrefu hakuna aliyemwona akitabasamu.

Karibu na mwisho mlima ulianza kutikisika. Mawe yakaporomoka, wanakijiji wakapiga mayowe. Stelingi alirudi mbio kuwatoa wazee ndani ya nyumba, na akamwita mchunga punda aje amsaidie.

Mchunga punda alikuwa ameshapanda punda wake.

"Baki wewe, shujaa!" alisema, huku akicheka. "Mimi tope la Hanang nililisikia likiwa bado mbali, nikachomoka, mke na mtoto nikawaacha wamelala. Na leo nakula chipsi Arusha!"