Sukari ya Kumuaga Mzee

Cuiluan alimwaga sukari kwenye sufuria bila hata kuipima, na Mzee akajua leo kuna vituko.

"Mtazame huyu," alijisemea. Kubishana na watu wa nyumba hii hakukuwa desturi yake. Alikaa mahali pake palepale karibu na jiko, mke wake ubavuni, akatazama. Mwaka mzima moshi ulikuwa umempiga mpaka uso umekolea masizi, na hakuna aliyefikiria hata kumfuta kwa kitambaa. Watu ovyo. Ukoo mzima, ovyo.

Lakini jioni hii alikuwa anasafiri. Kila mwaka ukikaribia kwisha, Mzee alikwenda kwa Mkubwa kumweleza nani katenda nini humu ndani. Mkubwa akisikia mema, familia inapewa mwaka wa neema. Akisikia mabaya, wajipange. Na mabaya Mzee alikuwa nayo tele, hasa ya huyu mke wa mtoto. Kiangazi kilichopita Cuiluan aliangusha mtungi wa kabichi chachu wa mama mkwe wake, ukawa vigae, naye akaapa kwamba ni paka wa jirani. Paka wa watu akatimuliwa kwa fagio, hajaonekana tena. Hakuna aliyeshuhudia ila Mzee.

"Ndiyo hivyo Babu, leo unatuacha," Cuiluan alimwambia huku akitunga matunda kwenye vijiti vya mwanzi. Yalikuwa shanzha, yale madogo mekundu, machachu ya kukunja uso, ameshayatoa kokwa. "Na usinitolee macho hivyo. Nakupikia kitamu cha safari."

Kitamu! Yaani yeye, kwa umri wake, anunuliwe kwa peremende kama mtoto anayelilia kubebwa. Halafu na kutunga kwenyewe ndiko huku? Tunda kubwa, tunda dogo, jingine limekaa upande. Kijiti kizima kilifanana na mkia wa kuku aliyenyeshewa.

Mume wa Cuiluan, Zhankui, aliingia akikung'uta theluji kwenye viatu. "Bado unaongea na huyo?"

"Asipoagwa vizuri atatuharibia."

"Kila mwaka mnambembeleza, na kila mwaka mimi ni yuleyule, suruali ina kiraka."

"Labda mwenzio huwa anasema ukweli kuhusu wewe."

Zhankui alicheka, akainua chupa ya siki, akapiga funda. Haikuwa siki. Mzee aliliweka hilo nalo akilini, pamoja na mengine ya Zhankui.

Sukari ilianza kuchemka, mapovu makubwa, kisha madogo. Sasa hapa hakuna siri. Mtaa huu hata mlevi anajua: unaiacha bila kuikoroga mpaka iwe rangi ya chai nyepesi, unachovya kijiti cha kulia chakula, unakitia kwenye maji baridi, unang'ata. Ikilia kà! kama kioo, imeiva. Ikinata menoni, umeaibika, kawape kuku.

Cuiluan alichovya. Akavuta. Sukari ikarefuka kama uzi wa ute.

"Tayari," akasema, akaipua sufuria.

Tayari! Mzee nusura apasuke. Bado, wewe mbumbumbu, bado! Irudishe motoni! Lakini acha aumbuke. Alimtazama akiviringisha vijiti kwenye ule uji, akivilaza juu ya ubao wenye baridi kwa maringo ya mpishi wa harusi, akashikwa na kicheko cha ndani kwa ndani. Hivi ndivyo wanavyooa siku hizi. Wanaokota.

Mama Qi, mama mkwe mwenyewe, aliingia akifuata harufu. Mzee akajiweka tayari kustarehe, maana ulimi wa mama huyu ungeweza kumenya viazi. Mama Qi alichukua kijiti, akang'ata. Taya likakwama. Akavuta huku, akavuta kule, mwisho akaingiza kidole mdomoni kujibandua.

Haya sasa, Mzee aliwaza. Mpe. Mpe vidonge vyake.

"Mmm," Mama Qi alisema, macho yanamtoka machozi. "Inanata hasa!"

"Inatosha, mama?"

"Inatosha na kubaki. Hata mimi hapa nimeshindwa kukusema."

Wote watatu wakacheka, Zhankui akishikilia meza. Mzee aliwaangalia mmoja mmoja kwa dharau iliyoiva kuliko ile sukari. Wanapongezana! Familia inayosherehekea chakula kilichoharibika! Akaanza kupanga maneno yake. Angefungua na paka. Angefuata na chupa. Angemalizia na huu upishi wa leo, ili Mkubwa na wote waliokaa naye wacheke mpaka washike mbavu, kisha ndiyo watoe adhabu.

Nje fataki za majirani zilianza kulia. Wengine walikuwa wameshaaga wazee wao.

"Ni saa yake," Mama Qi alisema, na sauti ikawa ya heshima ghafla.

Cuiluan alikwangua sukari iliyobaki chini ya sufuria kwa mgongo wa kijiko, akamsogelea, akainama. Mzee akajiandaa kukataa. Lakini hakupewa kijiti. Alipakwa mdomoni, safu moja nene, kisha nyingine juu yake, kona hadi kona. Na mke wake naye vivyo hivyo, asije akamsaidia kusema.

"Haya Babu," Cuiluan alisema taratibu. "Ukifika mbinguni utusalimie. Kama utaweza."

Zhankui akambandua ukutani, mungu wa jiko na mke wake kwenye karatasi yao moja iliyochorwa, akawakunja katikati, akawasha kiberiti ili moshi uwapandishe kwa Mkubwa.