Ganda la Moto

Kila Jumamosi Baba hunipeleka kula pankeki. Jumamosi hii aliupita mgahawa, akaegesha kwenye ukumbi wa kulenga shabaha.

"Huendi kuishi peke yako Wyoming bila bastola," alisema. "Jaribu hizi ndogo. Ukishindwa, unabaki hapahapa Tulsa."

Ya kwanza ilitoshea kiganjani, lakini nilipofyatua ilinirusha mkono juu kama teke la punda.

"Raelynn, dari imekukosea nini?" Baba alicheka.

Ya pili ilitulia. Nilifyatua, na ganda la risasi likaruka, likatumbukia ndani ya kola yangu, likinichoma kama kaa la moto.

Nilitoa kidole kwenye kifyatulio. Nikailaza bastola mezani taratibu, mdomo wake ukielekea kwenye shabaha. Ndipo nikaanza kurukaruka huku nikilikung'uta shati.

Watu walicheka, nami pia. Baba tu hakucheka. Alivua viziba masikio, akaliokota lile ganda.

"Wanaume wazima wakichomwa hivi hugeuka na bastola mkononi," alisema.

"Si ulisema niilaze kwanza?"

"Nilisema." Aliligeuzageuza ganda kiganjani. "Lakini nilikuwa naomba ushindwe, mwanangu. Jumamosi nitakula pankeki na nani?"