Papa Alipofukuzwa Ghubani

Samaki wa ghuba moja walichoka kuishi kwa woga, wakamfukuza Papa. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Mama Tasi, aliyekuwa akiwalea wanawe ndani ya nyasi za bahari.

Lakini aliyefaidi ni Kasa, mlafi wa ghuba. Zamani alikuwa akila matonge mawili, anatazama nyuma, anahama. Sasa alitulia mahali pamoja, akala majani, akaanza mizizi, mpaka ghuba karibu nzima ikawa matope matupu.

"Shangazi Kasa, tuachie japo kichaka kimoja," Mama Tasi alimsihi.

"Nisipoacha, nani atanifukuza?" Kasa akajibu, mdomo umejaa.

Mama Tasi akaogelea hadi kilindini kwa Papa.

"Si wewe uliyelalamika kwamba nakula watoto wako?" Papa akauliza.

"Ulikula mmoja mmoja, Bwana Papa. Kasa amekula nyumba nzima. Rudi!"

Papa akarudi. Alipita mara moja tu, na Kasa akatimua mbio tonge likiwa mdomoni. Tangu hapo akawa anakula akihamahama, na nyasi zikachipua.

Papa alipopita tena, Mama Tasi alijibanza na wanawe katikati ya majani, akitetemeka mwili mzima. Kisha akashusha pumzi. Angalau sasa alikuwa na mahali pa kutetemekea.