Joka Lihesabu Hadi Kumi

"Joka lisiteme moto kabla ya kuhesabu hadi kumi," alisema Mwenyekiti, akapiga mstari mwekundu kwenye ukurasa wa nne.

Verna Tollefson, mwandishi wa kitabu hicho, aliukodolea macho ule mstari. Joka lake lilikuwa na umri wa miaka mia tisa na halijapata kuhesabu kitu chochote isipokuwa mashujaa liliowatafuna.

"Hadi tano haitoshi, Bi Mwenyekiti?"

"Tano tumejaribu nyumbani kwangu. Haitoshi."

Hiyo ndiyo Kamati ya Maadili ya maktaba ya Pike Falls, mji mdogo kaskazini mwa Minnesota. Ilikutana kila Jumanne saa tisa na nusu alasiri, maana kabla ya hapo wajumbe hawapatikani. Wajumbe watatu, muhuri mmoja. Kitabu cha majoka na wachawi kisichopigwa muhuri ule hakikuingia maktabani, na Pike Falls haikuwa na duka la vitabu. Verna alikuwa amenyimwa mara mbili. Hiki cha tatu kilimla miaka minne, naye alikuwa ameapa moyoni: wakate kote watakako, sura ya mwisho hawaigusi.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alikuja na sinia la keki za ndimu. Kule kwao hakuna anayechukua kipande cha mwisho. Hukatwa nusu, na ile nusu ikakatwa nusu, mpaka inabaki chembe ya kulisha sisimizi. Bwana Orrin, mjumbe wa kwanza, alikichukua kizima mchana kweupe, akakila, akalamba vidole. Hapo Verna akajua yuko mbele ya watu wasioona haya.

"Mimi shida yangu ni huyu mfalme," alisema Bwana Orrin, mdomo bado umejaa. "Wako mezani, watu wanamsemesha, yeye macho kwenye kioo chake cha uchawi. Mtu akisoma hivi si ataiga?"

"Lakini ndiyo tabia yake mbaya. Ndiyo hadithi yenyewe!"

"Bi Verna, mimi ninao wawili nyumbani. Kioo mezani, kioo kitandani, kioo mpaka chooni. Ukiwasemesha, 'dakika moja'. Dakika moja gani ya saa nzima? Mfalme akifungie kabatini."

Verna akaandika: mfalme akifungie kabatini.

Bi Tamsin, mjumbe wa pili, alikuwa mpole wa sura na mkali kama pilipili. Shida yake yeye ilikuwa mchawi. "Ukurasa wa thelathini anaahidi kuwapeleka wote ziwani. Ukurasa wa thelathini na moja anasema 'tutaona'. Hakuna cha kuona hapo. Kaahidi, aende."

"Ni mchawi mwovu, jamani."

"Mwovu aende ziwani."

Mchawi akaenda ziwani. Jitu likajifunza kugonga mlango kabla ya kuingia. Mazimwi watatu waliomla mtema kuni wakaandika barua ya kuomba radhi, kila mmoja ya kwake, bila kunakiliana. Ilipofika zamu ya nguva kufundishwa kutosema watu vibaya kwenye simu, uvumilivu ukamwishia Verna, akapiga meza.

"Mnataka kitabu au mnataka mahubiri?"

"Tunataka watu wetu wakisoma wajirekebishe," Mwenyekiti alimjibu taratibu. "Ukiwaambia mwenyewe wanakasirika, wanasema huna adabu. Wakikuta kwenye kitabu, wananyamaza kidogo. Nimewaona."

Kisha akafungua sura ya mwisho.

Verna aliandika sura ile huku analia. Majoka mawili, jike na dume, yanagombea pango mpaka mawe yanayeyuka. Mwishowe kila moja linarukia mlima wake, na yanaendelea kungurumiana toka mbali, bonde lote limejaa moshi. Hakuna radhi wala mafunzo.

"Hapa pabadilike," alisema Mwenyekiti.

"Hapana. Ninyimeni muhuri mkitaka. Sura hiyo ni ya kweli."

"Najua ni ya kweli."

Wajumbe wengine wawili wakainama kutazama meza. Mwenyekiti alikuwa ameishika ile kalamu nyekundu kwa mikono miwili.

"Wangu wanapigiana kelele mpaka mbwa anaingia chini ya kitanda," alisema. "Sisemi yakae mlima mmoja, Bi Verna. Hilo nimeshaacha kuliomba. Nataka yale pamoja mara moja tu, bila kelele. Basi."

Verna alikuja amejiandaa kwa ubishi wa kila aina, lakini si kwa macho yale yaliyolengwa na machozi. Akajionea aibu. Akavuta karatasi, akaandika polepole: majoka yakashuka bondeni, yakagawana kondoo mmoja, hakuna lililopandisha sauti, kisha kila moja likarudi kwake.

Mwenyekiti aliisoma sentensi ile mara mbili, midomo ikicheza. Akauinua muhuri, akaugonga kwa nguvu zake zote.

Hata wino haujakauka, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Wakaingia mwanamume na mwanamke waliovaa makoti mazito, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake.

"Jumanne ni yangu, Kurt!"

"Ya kwako? Kaisome karatasi ya hakimu, Janelle!"

Mwenyekiti alishuka kutoka juu ya mito miwili aliyokuwa ameikalia, akavaa begi lake la shule, akaenda kusimama katikati yao na kile kitabu.

"Leo mtanisomea wote wawili," alisema. "Mama awe joka jike, baba awe dume, na tunaanzia sura ya mwisho."